Eneo Lenye Sura ya Mji

Bwana mdogo wa dirisha la umeme aliniambia kwetu kuna sura ya mji. Aliniambia bila kunitazama, kidole chake kikishuka polepole kwenye orodha ndefu ya majina ya vijiji. Kilipofika kwenye jina la kwetu akaligonga mara mbili, kama mtu anayejaribu nazi sokoni.

"Mzee wangu, hapa mna sura ya mji."

Nikamwuliza sura ipi. Mimi asubuhi nikifungua mlango wa mbele naona mihogo yangu, nikizunguka nyuma naona mihogo ya jirani, na saa ya kuniamsha ni jogoo ambaye wala si wangu. Akaniuliza kama kuna baa. Nikasema ipo moja. Gesti? Ipo, ingawa wageni wake ni wa mchana tu. Saluni? Mbili. Bodaboda? Wamejaa kama kumbikumbi.

"Basi mzee, mji huo."

Kwa asiyejua ugomvi huu unatoka wapi, nimweleze. Kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000. Mjini, kwa laini ya njia moja na nyumba isiyozidi mita 30 kutoka kwenye nguzo, ni shilingi 320,960. Kuna kipindi bei ilikuwa 27,000 kwa kila mtu, kijijini na mjini, na mimi kipindi hicho nilikuwa bado nahangaika na lenta. Januari 2022 bei ya mjini ikarudi kwake, nami ndiyo kwanza napaua. Nimepiga hesabu nyuma ya fomu yao: tofauti ni shilingi 293,960. Hiyo ndiyo bei ya ile sura. Yaani nailipia baa mimi nisiyekunywa, nailipia gesti mimi mwenye kitanda changu, na nazilipia saluni mbili mimi mwenye upara.

Jina la mahali naliacha kwa usalama wa mfuko wangu. Itoshe kusema tuko Mkoa wa Pwani, barabara ya Kilwa, ukishauvuka mpaka wa Dar es Salaam. Mpaka wenyewe usipoonyeshwa huuoni, kwa kuwa pagale la mwisho la Dar na pagale la kwanza la Pwani yamekopa tofali kwa fundi mmoja. Lakini kwenye karatasi mpaka huo ni bahari. Mkoa wa Dar es Salaam hauna kijiji hata kimoja. Wote ni jiji na manispaa, na chini yake kuna mitaa. Nenda Pembamnazi kule Kigamboni, kwenye minazi na mikorosho na wavuvi wanaoshona nyavu: kule ni mitaa, na wenyeviti wake ni wenyeviti wa mitaa. Sisi huku, mabati yanagusana na mtu akikaanga vitunguu majirani wanne wanajua leo kuna nyama, ni kijiji, na ndani ya kijiji mimi niko kwenye kitongoji. Nimehama kutoka chumba kimoja Mbagala kuja kujenga nyumba ya vyumba vitatu, na kumbe nimeshuka cheo.

Tena neno lenyewe "mjini" halijatulia. Nilipokuwa Mbagala, ndani ya manispaa kabisa, kila asubuhi watu waligombea daladala wakisema wanakwenda mjini, yaani Kariakoo na Posta. Ina maana Mbagala si mjini? Nilimwuliza kondakta swali hilo siku moja akaniambia nishuke. Unguja nao ukitoka mjini hata kidogo tu umeshakwenda "shamba", hata kama huko shamba kuna ghorofa na hoteli ya kitalii. Mama mkwe wangu yuko Rufiji. Akipiga simu anatusalimia "watu wa mjini", kisha anataja sukari. Shemeji yangu wa Sinza akija Jumapili anavua viatu mlangoni, anavikung'uta, anasema, "Dada, huku shamba hewa nzuri." Nyumba ni ileile. Anayeitukuza anataka sukari, na anayeidharau anaondoka na kuku.

Ningeweza kuvumilia kuwa mtu wa mjini kama ningekuwa wa mjini siku zote. Kero yangu ni kwamba hadhi inabadilika kulingana na dirisha ninalosimama mbele yake, na kila linapobadilika nabadilika nalo upande wa hasara.

Baada ya umeme nikaenda kwenye maji. Tangu sheria ya maji ya 2019 kazi imegawanywa: vijijini kuna wakala wao, mijini kuna mamlaka zao. Bomba kubwa linapita ng'ambo ya barabara, nalisikia likitoa pumzi usiku. Nikaenda kifua mbele, kwa kuwa sasa nina ushahidi wa ofisi nyingine kwamba mimi ni mtu wa mjini. Dada wa maji alikuwa mpole kuliko yule wa umeme. Akafungua daftari, akasikitika, akasema, "Baba, ninyi ni kijiji. Mtandao wetu wa mjini unaishia kule kwenye kalavati." Nikamwambia kwetu kuna baa. Akasema hongereni. Nikamwambia kuna gesti. Akanitazama vibaya. Nikaondoka. Maji tunanunua ya boza, na dereva wa boza, ambaye hana orodha yoyote, anatutoza bei ya mjini.

Kwenye ujenzi nikawa wa mjini tena. Bati halijapoa akaja kijana na karatasi akiulizia kibali cha ujenzi. Nikamwambia huku ni kijijini, tunajenga kwa baraka za wazee. Akacheka, akapiga picha. Wiki iliyofuata nikaenda kuulizia lori la taka, kwa sababu mjini taka huzolewa, nikaambiwa kijijini watu wanachimba shimo. Nikachimba shimo. Ukaja mradi wa anwani za makazi, wakasimika nguzo yenye jina la barabara katikati ya njia ya kwenda kwa jirani, njia ambayo mvua za masika zikianza bata ndio wanaoitumia kwa raha. Sasa nina anwani kamili, namba ya nyumba na jina la barabara, na mtu akitaka kuja kwangu bado namwambia, "Ukifika kwenye mwembe, piga simu."

Wenye barabara walitumia akili. Mwaka 2017 walipoundiwa wakala wao, ukaitwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, vyote kwa pamoja, ugomvi ukaisha kabla haujaanza. Aliyelibuni jina hilo bila shaka aliwahi kujenga Pwani.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 nilikuwa bado sijapata umeme, nikasema potelea mbali, sensa itamaliza ubishi. Taifa zima linahesabiwa, kila mtu na alipolala. Karani akaja siku hiyo, binti mwalimu, ana kizibao na kishikwambi. "Shikamoo baba." Nikamketisha kwenye kiti kizima. Akauliza umri, elimu, ulemavu, simu ngapi, tunapikia nini, choo cha aina gani. Nikajibu yote kwa adabu nikisubiri swali langu. Halikuja. Akafunga.

"Binti, mbona hujauliza kama hapa ni mjini au kijijini?"

"Hilo siulizi, baba. Maeneo ya kuhesabia yalitengwa kabla. Nimelikuta humu humu."

"Umekuta limeandikwaje?"

Akakitazama kishikwambi, akanitazama, akasema taarifa za kaya ni siri. Nikamwambia kaya ni mimi! Akaaga. Matokeo yalipotoka tulikuwa watu 61,741,120, na karibu asilimia 35 ndio wa mjini. Mimi nimo humo. Upande gani, Mungu na kishikwambi ndio wanaojua.

Mtu mzima akidaiwa laki tatu husoma chochote. Nikaanza kusoma. Nilichogundua ni kwamba hakuna mtu mmoja anayeamua. Wenye tawala za mikoa na serikali za mitaa, TAMISEMI, wanautazama mji kwa hadhi ya utawala: una halmashauri ya mji, manispaa, jiji, au mamlaka ya mji mdogo? Wenye ardhi wanautazama kwa tangazo la mipango miji: limetolewa au halijatolewa? Wenye takwimu wana namna yao kwa ajili ya kuhesabu, na wanaweza kuita eneo mji kwa kuwa lina soko na huduma, ingawa halina hadhi yoyote. Macho matatu yanatazama mhogo mmoja. Hapo bado sijawataja wenye umeme na orodha yao, ambao ndio wa kwanza kutazama sura.

Mwalimu mstaafu wa kijiweni kwetu, mtu asiyependa hoja ifie Pwani, akanisaidia kuvuka mipaka. Wenye kijiwe cha kahawa wakasogeza benchi. Akasema Denmark, watu 200 waliojenga karibu karibu ni mji. Kijiwe kikacheka mpaka kahawa ikamwagika. Akatuambia tungoje. Sheria yetu ya vijiji ya 1975, ya enzi za operesheni ya kuhamishia watu vijijini, ilitaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250. Kaya, si watu. Ukiweka watu watano kwa kaya unapata 1,250. "Maana yake," akasema, "kijiji chetu kidogo kabisa cha kisheria kilikuwa miji sita ya Denmark." Bodaboda mmoja akauliza kama Denmark kuunganishiwa umeme ni shilingi ngapi.

Marekani walikaa na kipimo cha watu 2,500 kwa zaidi ya miaka mia. Baada ya sensa ya 2020 wakapandisha hadi 5,000, au nyumba 2,000. Kuna watu kule walilala mjini wakaamka kijijini bila kubeba hata godoro. Kenya sensa zao zilizoea kuanzia watu 2,000. India ndiyo iliyotufurahisha zaidi. Kule mahali ambapo hapana hadhi ya mji kisheria panahesabiwa mji pakiwa na watu 5,000, msongamano wa watu 400 kwa kilomita ya mraba, na angalau asilimia 75 ya wanaume wafanyakazi wawe hawafanyi kazi ya kilimo. Wanaume tu. Mama wa vitumbua aliposikia hilo akaacha kugeuza.

"Wanaume wasiolima?" akauliza. "Basi hapa ni mji tangu enzi za Mjerumani."

Hakuna aliyejibu. Tulikuwa wanaume kumi na wawili kwenye benchi, saa nne asubuhi, siku ya kazi, na mihogo yote inayoonekana kutoka pale imelimwa na wake zetu.

Mwalimu akaendelea haraka, kuokoa heshima yetu. Akasema Machi 2020 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha njia ya kulinganisha nchi zote: ardhi yote inakatwa vipande vya kilomita moja ya mraba kama daftari la hesabu. Vipande vinavyopakana vyenye watu 1,500 au zaidi kila kimoja, vikikusanya watu 50,000, ni jiji. Vyenye watu 300 na kuendelea, vikikusanya 5,000, ni mji au eneo la msongamano wa kati. Vinavyobaki ni vijijini. Haiulizwi hadhi wala baa.

Mimi nikalipenda papo hapo lile "eneo la msongamano wa kati". Ndiyo sisi! Si mjini si kijijini, tuko katikati kama mkate kwenye chai. Lakini Mwalimu, ambaye mke wake ni wa Kilimanjaro, akaniharibia. Akasema ukienda Kibosho au Uru, kihamba kimegusana na kihamba, migomba imefunika nyumba, na ukipiga chafya unaambiwa pole na familia tatu. Kwa daftari lile la vipande, wengi kule wangekuwa watu wa mji, na wenyewe wana ndizi, ng'ombe ndani ya banda na kahawa. Na jimbo lao linaitwa Moshi Vijijini. "Sasa uwaambie wale wazee wamekuwa mji," akasema, "halafu uwaulize kama ng'ombe nao wahame."

Mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa akisikiliza kimya. Yeye hataki mji hata kwa dawa. Kijiji kina ardhi yake chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kina mkutano mkuu wake, na kiwanja kikiuzwa mhuri ni wake, na mhuri haupigwi mkono mtupu. Siku tukiwa mji, ardhi inakwenda kwa maafisa mipango miji na yeye anabaki na muhtasari wa vikao vya zamani. Mwenye baa anataka mji jana, maana ameambiwa mjini muziki unaruhusiwa kuchelewa, ingawa aliyemwambia hivyo hatukumpata. Mimi nataka umeme wa kijiji na maji ya mji. Nikasema hivyo hadharani, na kumbe ndivyo walivyotaka wote.

Tukaandika barua mbili. Ya umeme ilisema sisi ni wakulima maskini wa kijijini. Ya maji ilisema sisi ni mji unaokua kwa kasi. Aliyeziandika ni mmoja, na mwandiko ni mmoja. Majibu yakaja: wa umeme watakuja Alhamisi kukagua hali ya eneo, wa maji Ijumaa.

Mpango ulikuwa rahisi. Alhamisi tuwe kijiji, Ijumaa tuwe mji. Jumatano usiku bango la baa likafunikwa turubai. Saluni zikaambiwa zifunge milango na madada wakae ndani wakisukana bila redio. Bodaboda wakapelekwa nyuma ya shule. Yuko babu mmoja mwenye mbuzi kumi na mmoja, akaombwa awafunge pembeni mwa barabara kuanzia alfajiri, mahali ambapo gari lazima lipite. Wanaume tukagawiwa majembe. Mmoja wetu, kijana wa kuuza vocha, alilishika lake kama gitaa, tukamwambia achuchumae tu.

Saa tatu Alhamisi gari likaja. Wakashuka wanne. Wawili wana vizibao vya umeme. Wawili wengine wamebeba daftari ninalolijua, na mmoja ni yule dada mpole. Kumbe gari la maji lilikuwa bovu, wakaomba lifti ya umeme kubana mafuta.

Mwenye baa aliwaona wa maji akasahau siku. Kwake yeye maji ndiyo biashara. Akalivuta turubai, akafungua spika mbili kwa mara moja. Mbuzi wakashtuka. Kumi wakakata kamba wakaingia kwenye mihogo yangu, na wa kumi na moja, beberu, akapanda ngazi za gesti, mlango ukafunguliwa na mgeni wa mchana aliyekuwa na haraka zake, beberu akaingia. Madada wa saluni wakatoka kuangalia. Bodaboda nao, wakisikia muziki, wakadhani Ijumaa imefika, wakaja wote na honi. Mimi nilikuwa nimesimama katikati, jembe begani, nikijaribu kuwa mkulima kwa upande wa kulia na mtu wa mjini kwa upande wa kushoto.

Wataalamu walikaa robo saa. Mtaalamu wa umeme alisimama karibu na spika, akahesabu saluni, akahesabu bodaboda, akaandika. Dada wa maji alisimama karibu na mihogo, akahesabu mbuzi, akasikitika, akaandika. Walikuwa wamepishana hatua tatu. Nilijaribu kumgeuza mmoja atazame upande wa mwenzake, lakini walikuwa na haraka, gari ni la kushirikiana.

Jioni nilikuwa nafunga ua kuokoa mihogo iliyobaki babu wa mbuzi alipokuja. Tukasalimiana vizuri, nikampa kigoda. Akakohoa, akasema amekuja kuchukua chake, elfu hamsini na tano. Nikashangaa. Akanieleza: mbuzi kumi na mmoja, elfu tano kila mmoja, tangu alfajiri.

"Babu, elfu tano mbuzi wa kijijini kusimama tu?"

"Mwanangu," akasema, akinyoosha mkono kwenye baa, ambako taa za sola zilikuwa zinaanza kuwaka, "si wamesema hapa mna sura ya mji?"